Chiriku Nyuma ya Mlango

Tangu jana alasiri Chiriku hakuwa ametamka neno. Mtoto wa miaka minne, ambaye majirani walimpa jina hilo kwa sababu hata usingizini huongea, alikula, akaoga, akalala, akaamka, yote kimya kama aliyejaza maji mdomoni. Homa hana, koo halijavimba. Ukimuuliza anakutazama tu na kutikisa kichwa.

Mama yake alikuwa akimfunga viatu ampeleke hospitali, shemeji yake akabisha hodi, kompyuta kwapani.

Shemeji huyo alikuwa akitengeneza filamu, mwenyewe ndiye mwongozaji, mpigapicha na mchemsha chai. Ilihusu mwanamke anayeishi peke yake, anayeanza kuamini kuna mtu nyuma ya mlango wa chumbani. Hakuna damu wala bunduki, ni mashaka tu yanayomla taratibu. Sebule waliyopigia picha ilikuwa hii hii, na mwanamke alikuwa Mama Chiriku mwenyewe, maana nani mwingine angekubali kuigiza bure?

"Shemeji, tazama hii ya jana, halafu nawasindikiza hospitali."

"Filamu yako mtu anabandika maharage, yanaiva, mlango bado haujafunguka."

"Ndio utamu wake. We tazama."

Akajiona kwenye kioo cha kompyuta, ameinamia cherehani, mgongo umeelekea mlango. Sindano ikapanda ikashuka. Kisha mlango ukasogea kidogo, ukatulia. Mwili ukamsisimka.

"Nani kausukuma?"

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza. Sijawahi kupata picha nzuri namna hii."

Mama Chiriku akasogeza uso karibu. Chini kabisa, usawa wa goti, vidole vitatu vidogo vimeshika ubao wa mlango.

Alikuwa amemlaza Chiriku humo chumbani. Na siku ya kwanza kabisa alimfundisha mwenyewe: mama akiwa mbele ya kamera hakuna kuongea mpaka baba mdogo aseme kata. Anayeongea kabla anaharibu kazi ya mama.

"Shemeji, jana ulisema kata?"

Akakuna kichwa. "Betri iliisha. Kamera ikazima, nikaanza kugombana na waya. Sidhani kama nilisema."

Mama Chiriku akamgeukia mwanawe. Alikuwa akimwona yule mtoto amesimama nyuma ya mlango, anamtazama mama yake akitetemeka kwa hofu ya kuigiza, anatamani kumwita, anajizuia. Jioni yote. Usiku kucha. Alikuwa akimlindia kazi yake.

"Mwambie," akasema taratibu. "Anakusubiri wewe."

Shemeji akapiga magoti mbele ya Chiriku. "Kata, mama. Kata, mwanangu."

Chiriku akamgeukia mama yake kuhakikisha. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Mama, kwa nini ulikuwa unaogopa? Ni mimi tu. Na gauni umenivisha mbele nyuma, na viatu vinanibana, na nataka chai."

Mama yake akamkumbatia, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ile picha niiache?" shemeji akauliza kwa woga.

"Iache. Ila kuanzia leo kata atasema yeye."

"Akisema mapema je?"

"Basi filamu yako itakuwa fupi," akajibu, akaenda kubandika chai, Chiriku nyuma yake akiongea bila kupumua.