Viganja vya Kanze

Jina la Kanze lilipotokea kwenye orodha ya wanaowania Tuzo ya Chipukizi wa Mwaka, kanisa zima la Mikindani lilimpigia makofi, na mama yake akavaa leso mpya Jumatatu, siku ya kazi. Hiyo ilikuwa Januari. Kufika Machi watu walikuwa bado wakimsimamisha njiani kumpa hongera. Alijibu ahsante, akaenda zake, na hatua kumi mbele hakukumbuka ni nani aliyempongeza. Wengine walisema ameanza maringo. Maringo gani? Mtoto wa watu alikuwa amekufa ganzi.

Jina hilo halikutokea peke yake. Katika jimnastiki Kanze alikuwa nusu ya jozi. Yeye, mwenye miaka kumi na mitano na mabega mapana, alisimama chini. Juu ya viganja vyake, kichwa chini miguu juu, alisimama Philister, mtoto wa miaka kumi na miwili, binti wa mzee Odhiambo anayefanya kazi ya makontena bandarini Kipevu. Walifanya mazoezi Changamwe, katika ukumbi wa nyuma ya shule, juu ya magodoro yaliyoshonwa pamoja. Kocha wao, Kyalo, mchana alikuwa karani mpole na jioni hakuna aliyethubutu kukohoa mbele yake.

Jozi itakayoshinda ingesomeshwa sekondari mpaka mwisho. Kwa Philister hilo lilikuwa jambo zuri tu, maana baba yake alikuwa na kazi. Kwa Kanze, tuzo hiyo ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Mama yake aliuza mihogo ya kukaanga, na alikwisha kumwambia, kwa upole, aanze kujifunza ususi mapema.

Kabla ya kila zoezi walikuwa na desturi yao. Philister husugua viganja vya Kanze kwa vidole gumba. Akikuta jasho husema "mbichi," na Kanze huenda kupaka unga wa muhogo, kwa kuwa chaki ya wanamichezo haikuwahi kufika ukumbini pale. Akiridhika husema "kavu." Hapo Kanze huita, "Njoo!" na Philister hupanda bila kutazama chini. Akishaitwa haulizi tena.

Jumamosi moja ya Februari, watu wa kamati ya tuzo walikuja na kamera kuwapiga picha. Asubuhi hiyo Kanze alikuwa amemsuka mtoto wa jirani, mikono imelowa mafuta ya nazi, na akachelewa. Alinawa mbiombio kwenye mfereji wa nje bila sabuni, akajifuta kwenye suruali. Kopo la unga lilikuwa tupu. Alijua kabisa kwamba viganja vyake vinateleza. Lakini Valarie, mchezaji wa akiba aliyezijua nafasi zote mbili, alikuwa amesimama pembeni na sare yake mwilini, na kocha alikuwa na tabia ya kumtoa mtu papo hapo bila kumsikiliza. Philister alivisugua viganja, akasema kavu, upesi upesi. Kanze akawaza kwamba mtoto amepagawa na kamera. Akaita.

Philister alipanda, akasimama wima, kocha akahesabu mpaka tatu. Kabla ya nne kiganja cha kulia cha Kanze kiliteleza. Philister alianguka na kiwiko kikapiga sakafu, nje ya godoro.

Daktari alisema mfupa utaunga, ila mkono ule hautabeba tena uzito wa mwili. Philister mwenyewe, akiwa bado amelala pale sakafuni, alikuwa amemwambia kocha mbele ya kila mtu, "Ni kosa langu. Niliegemea vibaya." Kanze alisikia kila neno, na alinyamaza.

Tangu siku hiyo alikula, alilala, alisuka, alikwenda shule na kurudi. Jioni moja alikuwa akiosha sufuria katika maji yaliyotoka jikoni dakika ile ile.

"We Kanze, huungui?" mama yake aliuliza.

"Abee?"

"Nakuuliza, maji hayo hayakuunguzi?"

Alitazama mikono yake, imeiva mpaka kwenye vifundo. "Hapana, mama," alisema, akaendelea kusugua.

Mwezi Machi kocha Kyalo alimwita mezani kwake. Alikuwa ameandika barua. Philister angeondolewa kwenye orodha ya tuzo na Valarie angeingizwa mahali pake. Kamati ilitaka sababu ya mabadiliko na sahihi ya mwenzake. Sababu ilikuwa imeandikwa kwa hati safi ya karani: kosa la mchezaji wa juu.

"Tia sahihi hapa, twende mazoezini," kocha alisema.

Kanze alisoma sentensi hiyo mara mbili. "Hakukosea, kocha. Mikono yangu ilikuwa na mafuta. Nilijua, na nikaita."

Kocha aliweka kalamu chini. Tumpe haki yake, hakugomba.

"Unaelewa unachokitupa?"

"Naelewa."

"Naweza kujifanya sikusikia."

"Nimeshasema, kocha."

Basi aliichana barua ile, akaandika nyingine fupi, kwamba jozi nzima imejitoa. Kanze alitia sahihi. Alitarajia moyo utatulia, au angalau machozi yatoke. Alitoka nje, akaona jua ni jua tu, na lori za Kipevu zimepanga foleni kama kawaida.

Alikwenda moja kwa moja kwa kina Philister. Pengine huko, aliwaza, kitu kitatokea.

"Shikamoo, baba," alimwambia mzee Odhiambo mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Pita, mwenzako yuko ndani anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Angekuwa makini siku ile, yasingetufika haya."

Philister alikuwa mezani, mkono wa kulia umefungwa plasta. Kanze alisema yote akiwa amesimama, kabla hajapoteza nguvu. Mafuta, unga uliokwisha, barua. "Kocha ametutoa sote wawili. Hakuna atakayesema tena kwamba ulikosea."

Philister hakuinua kichwa. "Ya nazi," alisema.

"Nini?"

"Mafuta. Yalinukia, Kanze. Si ni mimi niliyevisugua viganja? Kwani mimi sina pua?"

"Lakini ulisema kavu!"

"Ningesema mbichi ungekwenda kutafuta unga, unga haupo, kocha angemweka Valarie. Wewe ungebaki kusuka watu." Alikuwa akiongea polepole, kama anayemweleza mtoto mdogo. "Nilidhani nitaweza kusimama mpaka tano. Halafu nikasema kosa ni langu, ili wewe ubaki kwenye orodha. Kila siku baba ananiambia nilizembea. Namjibu ndiyo, baba. Kila siku!"

Kanze alishika ukingo wa meza.

"Na sasa umejitoa," Philister alisema. "Mkono wangu umevunjikia nini?"

Kwa wiki tano Kanze alikuwa ameibeba aibu yake usiku na mchana, na hata mara moja hakufikiria kuja kumuuliza mtoto huyu kwa nini alijitwika lawama isiyo yake. Leo tena alikuwa amekimbilia kwa kocha kwanza, akautua mzigo wake, akaipoteza bure sadaka ya mwenzake.

Philister alianza kulia kwa sauti, bila kujificha, mpaka baba yake akaita kutoka nje kuuliza kuna nini. Kanze alikaa sakafuni miguuni pake. Uchungu ulianza kumwingia kidogo kidogo, ukazidi, na kwa nguvu zake zote akaomba ile ganzi imrudie.