Moshi wa Jumapili

Kathini hakuwa mtu wa kuchokoza watu, ila mashuka yake yalikuwa hayaguswi. Kwa miaka sita alikuwa dobi mkuu wa hoteli moja ya ufuoni Galu, na weupe wa mashuka yake ulimfanya mgeni aone haya kuyalalia. Basi Jumapili moja ya Septemba, mwaka wa tisini na nane, mashuka mia na arobaini yakiwa kambani, masizi yaliyashukia kama pilipili manga kwenye ubwabwa. Meneja alifoka. Kathini hakukawia kumtaja mwenye kosa: Boga, mtunza bustani, mchoma majani makavu nyuma ya bwawa la kuogelea.

"Jumapili sikuwapo kazini," Boga alisema.

"Moto wa majani hulala ukaamka," Kathini alimjibu. "Na Jumatatu ulikuja unanuka moshi, nyusi zimeungua nusu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwa jamaa."

Hakumtaja jamaa huyo, na siri hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Meneja alimpa hadi Jumatano adhuhuri: alete maelezo, au afunge virago.

Kathini hakutosheka. Jumatano asubuhi alimwendea Swabir, fundi wa redio aliyezitazamia hali ya hewa boti za kuwapeleka wageni kuvua. Juu ya paa la chumba chake Swabir alikuwa amesimamisha antena ya mabomba ya shaba. Setilaiti ikipita angani, redio yake hulia tik-tak, tik-tak, na picha ikashuka kwenye kompyuta mstari baada ya mstari, taratibu mpaka chai ikapoa.

"Hodi, fundi. Nataka picha ya Jumapili. Nimwonyeshe meneja moshi ukitoka bustanini."

Swabir alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Dada Kathini, hapa nukta moja ni kilomita nne. Hoteli yenu nzima, pamoja na bwawa lake, haifiki nukta."

Hata hivyo alifungua ya asubuhi, kisha ya mchana. Bahari ilitokea nyeusi, nchi kavu kijivu, na juu ya nchi kavu kulikuwa na mkwaruzo mweupe, wa nukta saba au nane, uliolala upande wa Galu.

"Hili si wingu," Swabir alisema. "Mawingu huhama. Huu mkwaruzo asubuhi ulikuwapo, na mchana umerefuka tu, mzizi wake uko pale pale. Ni moshi. Umeanzia nyuma ya Msambweni, karibu na miwa ya zamani kule Ramisi, upepo wa kusi ukauleta huku. Ni moto wa ekari nyingi."

Akamchapia picha. Kathini aliikodolea macho. Kando ya miwa ile iliyoachwa ikawa msitu ndiko lilikokuwa shamba lake na mumewe Muema, tangu walipohamia kutoka Makueni. Na Jumamosi, kwa kuwa yeye hulala hotelini, alikuwa amemtumia Muema salamu: magugu yote yaliyoota kwa mvua za El Nino ayachome kesho, vuli haiko mbali, na asimletee tena visingizio vya upepo. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu alikuwa ameonyeshwa lake kutoka angani.

Swabir hakujua shamba hilo liko wapi. Kathini angeweza kuikunja karatasi, akaitia kifuani, na mambo yakaishia hapo. Wazo hilo lilimjia, tena likakaa kidogo, na aliona aibu kwamba lilikaa.

Alimkuta Boga akiosha majembe ili ayakabidhi.

"Moshi ni wa kwetu," alimwambia, akimpa picha. "Mimi ndiye niliyemwagiza Muema achome."

Boga aliitazama, akamrudishia. "Najua, Kathini. Moto ulimponyoka Muema, ukaingia kwenye miwa, ukawa unaelekea minazi ya dada yangu Kadzo. Kina Kadzo waliniita asubuhi. Tuliupiga na Muema kwa matawi mabichi mpaka magharibi."

"Mbona hukusema?"

"Muema aliniomba. Alisema ukijua utampandisha basi la Makueni, umrudishe kwao. Nikampa neno langu."

"Hata kazi ikupotee?"

"Nilidhani hasira zako zitapoa kabla ya Jumatano. Mashuka hufulika."

Kathini aliichukua picha akaenda ofisini. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemweleza meneja yote, pamoja na salamu zake za Jumamosi. Boga alibaki na majembe yake. Kathini alipewa barua ya onyo, na mashuka yote ayarudie.

Alirudi bustanini. "Lete lile shati la Jumapili."

"Limetoboka kwa cheche."

"Lete hivyo hivyo."

Mashuka mia na arobaini yalimngoja. Shati la Boga lilitangulia, na alilifua kwa mkono, maji matatu, mpaka harufu ya shamba lake ikatoka.