Shukrani kwa Waliokata Umeme

Karani wa shirika la umeme aliniambia malalamiko ni dirisha la pili. Nikamwambia sina malalamiko, nimekuja kushukuru. Akanitazama juu mpaka chini. "Unashukuru nini, mama?" Nikasema nashukuru kwa kutukatia umeme wiki iliyopita, mtaa mzima, mpaka nyama za watu zikaoza kwenye friji. Mmoja nyuma yangu kwenye foleni akasema, "Huyu mama ana mafumbo." Mafumbo gani! Mimi nikitukana hujulikana, sihitaji mafumbo. Siku ile nilikuwa nashukuru kwa moyo mweupe kabisa, na kama una nafasi, kaa nikueleze.

Mume wangu alikuwa mnadi. Kule kwenye mnada wa mitumba na samani kuukuu hakuna aliyemjua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Pumzi Moja, kwa sababu aliweza kunadi kabati, akasifu mbao zake, akamtania mwenye kabati, akamsuta mnunuzi bahili na kutaja bei, yote hayo bila kuvuta pumzi katikati. Hata mimi ndivyo alivyonipata. Nilikwenda kununua cherehani, nikarudi na cherehani na mchumba.

Sasa vumbi la miaka yote ile lilimkaa kifuani. Mapafu yakachoka, akalazwa, akaruhusiwa akiwa na dawa ya kuvuta kwa mdomo na agizo la daktari kwamba akae penye hewa safi. Nyumba yetu ni vyumba viwili. Cha mbele ndiyo karakana yangu: cherehani, meza ya kukatia, rafu ya vitambaa na mabunda ya lastiki, maana kazi yangu kubwa ni kaptura na sketi za shule. Kitanda chake tulikileta humo humo, chini ya dirisha. Alisema kama ni kupona atapona akitazama watu wanapita, na kama ni kufa hivyo hivyo.

Tuna binti mmoja, ameolewa mji mwingine. Mumewe ni fundi wa friji, kijana mpole ajabu, mtu wa kubisha hodi hata mlango ukiwa wazi na sisi tunamwona. Hukaa kwenye ncha ya kiti kama vile kiti ni cha kuazima. Mbele yangu hainui macho, na mimi, pamoja na mdomo wangu huu unaojulikana mtaa mzima, mbele yake huwa bubu. Mkwe ni mkwe. Ukimkosea mkwe umemkosea bintiyo.

Jumapili moja akaja ameshika boksi kwa mikono miwili. "Mama, hii ni ya Baba. Inasafisha hewa." Boksi lilisema mashine inatoa ozoni, inaua vijidudu, na inaiacha nyumba na hewa ya baada ya mvua. Akaiweka kwenye rafu juu ya kitanda, pembeni ya lastiki zangu, akachomeka plagi. Ikawaka taa ya buluu, ikaanza kunguruma kidogo, na kweli chumba kikatoa ile harufu ya radi iliyopiga jirani. Akaniomba nifunge madirisha hewa safi isitoroke. Jamani, nilifurahi nusura nipige vigelegele. Nikajiambia mwanamume mwingine humletea mama mkwe maneno, huyu kaleta pumzi. Ili na mimi nisiwe mtu wa kupokea tu, nikanunua sabuni ya maji yenye harufu ya limau, nikawa napiga deki asubuhi na jioni.

Mzee akaanza kuharibika. Kwanza kikohozi kikavu, kisha kubanwa kifua, kisha maneno yakamwishia njiani. Mtu aliyekuwa ananadi kabati zima kwa pumzi moja, sasa akitaka maji anasema "ma", anapumzika, anasema "ji". Daktari akaongeza dawa. Hakuuliza kuhusu mashine na sisi hatukumwambia, nani atamwambia daktari habari za zawadi ya mkwe? Macho yangu nayo yakawa yanawasha, kichwa kinagonga, nikasema ni uzee na nyuzi za sindano. Mkwe alipokuja na kumkuta baba mkwe wake anahema vile, uso ukamshuka. Akainuka, akazungusha kile kitufe cha mashine mpaka mwisho. "Tuiongeze nguvu, Mama." Nikamjibu, "Ahsante, mwanangu."

Katikati ya hayo kaptura zikaanza kuanguka. Nacheka sasa, siku ile sikucheka. Mwalimu mkuu aliniletea mfuko mzima: watoto wamesimama mstarini asubuhi, mmoja kachuchumaa kufunga kiatu, lastiki imekatika, kaptura hiyo chini. Kabla hawajamaliza kumcheka na wao zao zikawafuata. Nikaivuta lastiki ya kaptura moja, ikakatika kama tambi kavu. Nikamwendea muuza lastiki pale kibandani kwake nikiwa nimefura. Nilimwambia yote, mpaka yale ya ukoo wao. Naye si mtu wa kunyamaza. Akachukua bunda jipya mbele yangu, akakata kipande akakitundika kwenye msumari wa kibanda chake, lililobaki akanipa. "Nenda nalo. Changu kinakaa hapa, chako kinakaa kwako. Tutaona mwongo nani." Haikupita wiki langu likawa na nyufa kila mahali. Nikaenda kukivuta cha msumarini, kikanirukia usoni kizima kabisa. "Mama kaptura," akasema yule bwana, "lastiki yangu haina kosa. Nyumbani kwako kuna kitu kinakula." Nikamwambia panya wako ndio wanakula, nikaondoka. Lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani.

Ndipo binti akapiga simu. Wameamua, yeye na mumewe, Jumamosi mkwe atakuja na gari amchukue baba, akakae kwao karibu na hospitali kubwa. Kwa wema, nakuapia, hakuna ubaya hata chembe. Mimi nisingeweza kwenda, nani atashona? Nilipomwambia Mzee, alinyoosha kidole kwenye dirisha lililofungwa, kwa wapita njia wake, akatikisa kichwa. Kisha akasema kipande kipande, "Ni-ki-enda... si-rudi." Nililia nikiwa nimemgeuzia mgongo, nikajifanya natunga uzi. Nilijua anasema kweli. Watu wa hali ile wakitoka kwao wanarudi wamebebwa.

Na umeme ukakatika. Transfoma ya kona ilipasuka kwa kishindo, mtaa mzima ukatoka nje kulaani, na mimi nililaani kwa sauti kuliko wote. Cherehani yangu ya mota haikuweza kufanya kazi. Joto likanifanya nifungue madirisha yote na mlango. Kesho yake Mzee akalala mchana mzima bila kukohoa. Siku iliyofuata akaomba chakula, akala, akaomba tena. Jioni hiyo mchuuzi mmoja alikuwa anapita na mikeka, anataja bei, nikasikia sauti kitandani: "Wewe! Mkeka huo umefumwa na kuku?" Nilidondosha mkasi. Alikuwa amesema sentensi nzima.

Umeme uliporudi mtaa ulishangilia kama timu imefunga goli. Mashine yetu, ambayo hatukuwa tumeizima, ikajiwashia taa yake ya buluu. Nikafunga madirisha kama nilivyoagizwa, nikapiga deki ya limau. Kabla jua halijazama Mzee alikuwa amejikunja, anatafuta pumzi. Nilisimama pale na kitambaa cha deki mkononi. Nikatazama rafu: mashine hapa, lastiki hapa, mume wangu hapa chini. Nyumbani kwako kuna kitu kinakula. Ee Mola, kikulacho ki nguoni mwako! Nikaizima.

Asubuhi nikaenda kliniki ya kifua. Muuguzi pale ni mwanamke mwenye subira, Mungu amzidishie. Aliniuliza, "Mashine inatoa harufu?" Nikamwambia, sana, ya radi. Akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo ozoni, mama. Huko juu angani inatukinga na jua. Ndani ya nyumba inachoma koo na mapafu, na mapafu mabovu ndiyo inayaanza. Hata mpira inautafuna. Unapiga deki na nini?" Nikasema kwa majivuno, ya limau, tena nzuri. "Harufu ile ikikutana na ozoni hewani, vinazaa vitu vingine. Kimojawapo ndicho kinachotiwa kwenye formalini." Nikauliza formalini ya nini. "Ya kuhifadhia maiti." Nilikaa chini. "Yaani mume wangu nimeanza kumhifadhi angali anakula?" Alicheka mpaka akajifunika mdomo, kisha akanishika bega. "Ni kidogo sana, mama. Ila kidogo cha kila siku kwa mgonjwa si kidogo. Iache imezimwa, fungua madirisha, piga deki na sabuni isiyo na manukato. Na ulivyokuja kusema, umefanya vizuri."

Ungedhani hadithi imeisha hapo. Hujajua kuona haya ni kitu gani.

Jumamosi nikasikia gari la mkwe linaegeshwa. Mzee alikuwa amekaa kitandani, amenyolewa, anapumua vizuri, madirisha wazi. Nami nikaiona ile mashine imezimwa, zawadi ya mkwe, imegeuziwa uso ukutani. Atasema nini? Atajiona ametupwa. Mkono wangu huu, Mungu anauona, ukachomeka plagi. Nikafunga na madirisha. Mzee akanikodolea macho. "Mwanamke, una wazimu?" Nikamwambia, "Dakika chache tu, Mzee, mkwe huyo!"

Mkwe akabisha hodi, akaingia, akakaa kwenye ncha ya kiti. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Mara Mzee akaanza. Kikohozi kikampanda, shingo ikasimama mishipa, midomo ikabadilika rangi. Mkwe akaruka. "Mama, hali ndiyo hii? Tusichelewe. Mfungie nguo, twende sasa hivi." Akainua mkono kwenye kile kitufe, ili baba yake apate hewa kidogo kabla ya safari.

Nikasema, "Acha!" Sijawahi kumpandishia mkwe sauti tangu amwoe mwanangu. Nikaichomoa ile plagi kwa nguvu mpaka soketi ikatikisika. Nikafungua dirisha, la pili, mlango. Kisha nikabaki nimesimama na waya mkononi. "Nisamehe, mwanangu. Inamuua. Nimejua tangu jana na bado nimeiwasha, kwa kukuonea haya." Nikamweleza yote, ya umeme, ya muuguzi, ya limau. Nikampa lile bunda langu la lastiki. Yeye kila siku anabadilisha mipira ya milango ya friji, mpira anaujua. Akauvuta ukakatika. Akavuta pengine, ukakatika. Akaendelea kuvuta mpaka sakafu ikajaa vipande.

"Mimi ndiye niliyekuwa naiongeza," akasema. "Kwa mkono wangu, Mama." Akaketi sakafuni kabisa, katikati ya lastiki, machozi yakamtoka. Nikaketi naye. Nilisahau ukwe. Nikamwambia ukweli uliokuwa moyoni: kwamba vijana wangapi wanakumbuka kifua cha baba mkwe, kwamba angekuwa mbaya asingeleta kitu, na kwamba namshukuru Mungu kila siku kwa siku aliyobisha hodi kwetu mara ya kwanza. Alikuwa analia na kuitikia, "Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama."

Upepo wa mtaani ukapita ndani. Kikohozi kikaanza kupungua. Tulinywa chai, tukangoja, mpaka tukaanza kusikia kelele za watoto wanaocheza nje na si kuhema kwa Mzee. Ndipo akasema, "Nileteeni hiyo mashine." Mkwe akampa. Akaipakata, akaitazama huku na huku kama alivyokuwa akitazama mali za watu mnadani, akageukia dirisha.

Na akavuta pumzi. Niliijua pumzi ile. Nilikuwa sijaisikia tangu alazwe.

"Haya wenye macho na wenye miwani karibuni, mashine ya kisasa, ina taa ya buluu, haijui kuchoka, imetafuna lastiki za mke wangu, imewavua watoto kaptura mbele ya mwalimu mkuu, imeoana na sabuni ya limau wakazaa mtoto hafai, imemliza mama mwenye nyumba ambaye hata siku ya harusi yake alilia kwa kipimo, na mimi mwenyewe ilikuwa karibu inipigie nyundo, nani anaanza, nani anaanza, bei ni bure na nauli juu yangu!"

Wapita njia walisimama. Muuza lastiki, aliyekuwa anapita na mzigo wake, akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimejishika mdomo kwa mikono miwili, namngojea akatike, na hakukatika. Kisha mkwe wangu, yule asiyeinua macho mbele yangu, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono juu.

"Mimi, Baba! Naichukua nikaivunje!"

"Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imeuzwa!" Mzee akapiga kitanda kwa kiganja, akajilaza, akavuta pumzi nyingine taratibu bila kukohoa. Gari liliondoka na mashine, mume wangu akabaki chini ya dirisha lake. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mkwe, nikamwomba radhi muuza lastiki na ukoo wake wote. Jumatatu asubuhi nikajipanga foleni kwa shirika la umeme.