Minazi Ishirini ya Shangani

Siku Muhidini aliporudi nyumbani kutoka kazini akakuta msiba wake mwenyewe umeandaliwa uani, zilikuwa zimebaki siku tatu Idi ifike. Alikuwa mzima wa afya, njaa ya funga ikimkuna tumbo, pikipiki ikinguruma chini yake. Lakini huwezi kuuelewa msiba huo kabla ya kuijua habari ya minazi.

Barabara ya ufukweni pale Shangani ilikuwa na minazi ishirini upande wa baharini. Hakuna aliyejishughulisha kuihesabu mpaka mwaka wa sabini na moja, vijana wa Mtwara walipoigeuza kuwa kipimo. Ijumaa jioni mwenye pikipiki alianzia mnazi wa kwanza, akanyanyua gurudumu la mbele hewani akaenda na la nyuma peke yake, na watu waliosimama kando wakamhesabia: ameuacha wa tatu, wa nne, wa tano. Gurudumu likigusa chini, hesabu imekwisha. Watoto waliuita mchezo huo "dede", kwa sababu pikipiki ilisimama kama mtoto anayejaribu miguu yake, nao wakaimba "Dede! Dede!" mpaka sauti zikawakauka.

Muhidini alikuwa tarishi wa kituo cha utafiti wa korosho kule Naliendele, na pikipiki alipewa kwa ajili ya barua na magunia ya korosho za majaribio kutoka vijijini. Dede aliijua bila kuitafuta. Siku moja alifunga gunia kwenye keria, akalisogeza nyuma kupita kiasi, na alipokuwa akipanda kilima cha Mikindani akatia moto kwa pupa. Gurudumu la mbele likainuka lenyewe. Barabara ikapotea machoni, akabaki anaitazama mbingu na taa ya pikipiki. Kwa bahati mguu wa kulia ulikanyaga breki ya nyuma, gurudumu likashuka. Alisimama kando ya njia, kisha akaanza kucheka peke yake kama mwehu. Kesho yake alirudi pale pale, safari hii bila gunia.

Wasemao kwamba ule ni upumbavu mtupu hawajawahi kukaa pale. Pikipiki ikishainuka kiasi chake, kuna mahali ambapo uzito wote unaondoka. Usukani unakuwa mwepesi mikononi, kelele za watu zinakwenda mbali, na mtu ambaye mchana kutwa ametumwa huku na huku, mara peleka hiki, mara lete kile, anajiona hatumwi na yeyote. Nyuzi mbili tu za mwinamo nyuma ya mahali hapo kuna kuanguka chali. Muhidini alilijua hilo, na sitaficha, kulijua kwenyewe kulikuwa nusu ya utamu.

Yohana, dereva wa mkandarasi mmoja wa barabara, alianguka hivyo hivyo kwenye mnazi wa tisa akavunjika mtulinga. Ijumaa iliyofuata alikuja mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, akapiga makofi kwa kujigonga paja. Muhidini akafika wa kumi na moja. Watu wakamwinua juu juu. Hapo ndipo alipotamka, mbele ya wote, kwamba Idi alasiri ataimaliza yote ishirini.

Sasa, baada ya mnazi wa kumi na tisa barabara hukata kona juu ya karavati la zege lisilo na ukingo, na chini yake ni mawe matupu. Kuufikia wa ishirini ni kukata kona hiyo kwa gurudumu moja. Mkewe, Mastura, alisema mara moja tu: "Baba Fatuma, pale karavatini pananitisha." Akamjibu kwamba wanawake hawajui mashine. Mastura akanyamaza, naye akauchukua ukimya ule kuwa ni kukubali. Wanaume wengi tunakosea hapo hapo.

Karibu na mnazi wa kumi na moja alikaa Bi Somoe, mjane wa Kimakua, muuza mihogo ya kukaanga. Muhidini ni Mmakonde, na babu zao walikuwa wamewekeana utani, ukarithiwa na watoto na wajukuu. Wenye utani wanajua maana yake. Mtani atakutukana sokoni, atakudokolea mboga jikoni, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, atembee kama yeye, akohoe kama yeye, mpaka waliokuwa wakilia wacheke. Akichukua kitu pale msibani, hakirudi mpaka kikombolewe kwa kile anachotaka yeye.

Basi jioni ya siku ile Muhidini aliingia uani kwake akakuta mikeka imetandikwa, wanawake wa mtaa wamejifunika kanga, na kilio kinakwenda kwa zamu. Akashuka haraka, akidhani ni mtoto. Fatuma alikuwa hapo hapo, ameshika ukingo wa ndoo, anajisimamisha. Halafu akasikia jina analoliliwa.

"Muhidini weee! Kaacha mke mbichi! Kaacha kitoto hakijasimama dede, baba mtu kasimama badala yake!"

Bi Somoe alikuwa amekalia kinu kilicholazwa ubavu, ameshika mchi kwa mikono miwili kama usukani, kidevu juu, macho nusu yamefumbwa kwa maringo. Alinguruma kwa mdomo, akajiinua nyuma kidogo kidogo, akawapungia mkono watazamaji wasiokuwepo, mara puu, akaangukia mapajani mwa wenzake. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kilichomuuma Muhidini ni kwamba kidevu kile kilikuwa chake kabisa.

"Mtani, mwezi mtukufu huu," akasema.

"Kwani Ramadhani watu hawafi, marehemu? Hitima hatusomi, hiyo ni ya Mungu, hatuichezei. Tunalia tu. Tumeanza saa sita, sauti zimekauka, na maji hatunywi. Wewe umekuja kuchukua nini huku duniani?"

"Nimekuja kukuzika wewe, mdomo wako ndio utakaohitaji kaburi la peke yake."

"Ehee! Maiti ina ulimi!"

Muhidini alijitahidi kucheka, kwa kuwa ndivyo ipasavyo, akaingia ndani kuosha uso. Alipotoka, Bi Somoe alikuwa amesimama kando ya pikipiki, amekunja upindo wa kanga mkononi asiungue, na ndani ya upindo ule ilikuwamo plagi. Spana ilikuwa bado mkononi mwa Mastura.

"Hii nimeichukua msibani," Bi Somoe akasema. "Utaikomboa kwa kuku. Na kuku namtaka Idi mosi ikishapita, si kabla."

Muhidini akamtazama mkewe. Mastura hakuinamisha macho. "Mimi ulinijibu kwamba sijui mashine," akasema taratibu. "Nikaenda kwa mtu ambaye huwezi kumjibu."

Alikasirika, tena sana, na hasira ya mtu asiyeruhusiwa kukasirika ni mbaya zaidi. Akajisemea moyoni kwamba plagi zipo kwa fundi, kesho atapata nyingine, na Idi ataikata kona ile ili wote hawa wafunge midomo. Huku nje akichekacheka, ndani alikuwa ameshapanda pikipiki yake na kuufikia mnazi wa ishirini.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni Salumu. Salumu alikuwa mchuuzi wa nazi, mwenye baiskeli, na saa saba mchana ule alipita mbele ya nyumba akielekea kwao Mikindani. Aliona mikeka, akasikia kilio, akamwuliza mtoto aliyekuwa mlangoni nani amefariki. Mtoto akamjibu kama alivyosikia: Muhidini, kaanguka na pikipiki. Salumu ni mtu mwema. Hakuthubutu kuingia na tenga la nazi kwenye msiba, akaona heri awahi kumpa habari mama mtu.

Saa kumi na moja hivi, kilio kikiwa kimegeuka porojo na wanawake wakianza kukunja mikeka wakapike futari, Bi Mwasiti, mama yake Muhidini, akatokea njiani. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Mikindani, maili saba, katika jua, na funga yake. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine hauna. Kanga alikuwa ameivaa ndani nje. Chini ya kwapa alikuwa na furushi jeupe.

Hakulia. Alipita katikati ya wanawake, akafika kizingitini, akasema kwa sauti ndogo, "Nionyesheni alipolazwa."

Muhidini alitoka ndani. "Mama."

Bi Mwasiti alimtazama bila kumwona. Kisha akanyoosha mkono, akamshika uso, akashuka shingoni, mabegani, akambonyeza mbavu moja moja kama mtu anayechagua papai sokoni. Alipofika kwenye viganja, akaketi chini pale pale mlangoni. Furushi likaanguka, likafunguka kidogo. Ilikuwa sanda.

Muhidini aliijua sanda ile. Mama yake aliinunua mwenyewe miaka sita nyuma, akaiweka sandukuni pamoja na udi na chupa ya marashi, ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Alizoea kumwonyesha mahali ilipo, naye alizoea kugeuza maneno.

"Nilijiwekea mimi," Bi Mwasiti akasema. "Nikasema wewe ndiye utakayekuja kuitoa. Leo nimeitoa kwa mkono wangu, mwanangu. Njia nzima nawaza kama itakutosha, maana wewe ni mrefu."

Hapo hata Bi Somoe, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa kazi, aliuacha utani. Alipiga magoti mbele ya bibi yule akaomba radhi, machozi ya kweli yakimtoka baada ya yale ya bandia ya mchana kutwa. Akaifungua kanga, akaitoa plagi, akaiweka kiganjani mwa Muhidini. "Chukua, baba. Utani umepita mpaka."

Akawa ameishika sasa. Ilikuwa ndogo, nyeusi nchani, bado ina uvuguvugu wa mwili wa Bi Somoe. Hakuhitaji tena kwenda kwa fundi. Idi alasiri barabara nzima ingekuwa inamngoja, na lile gurudumu, na mahali pale ambapo uzito unaondoka. Akamtazama mama yake aliyekuwa akiikunja sanda upya, pole pole, akipangusa vumbi la njia kwa ncha ya kidole.

Akairudisha plagi kwenye kanga ya Bi Somoe, akaifunga fundo kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaa nayo mpaka Idi ipite," akasema. "Kazini nitakwenda na lori."

Adhana ya magharibi iliwakuta wote uani. Mikeka ya msiba ikawa mikeka ya futari. Mihogo ililetwa, na uji, na tende alizokuwa ameziweka Mastura kwa ajili ya sikukuu, na Bi Mwasiti akala akiwa ameshika upindo wa shati la mwanawe kana kwamba angekimbia. Muhidini hakuwahi kula futari tamu kama ile. Alimshukuru Mungu kwa kila tonge, kimya kimya, kwa sababu alijua amekaa kwenye matanga yake mwenyewe, na wageni wote wanacheka.

Idi alasiri watu walijaa Shangani wakamngoja. Alikuja kwa miguu, Fatuma begani, kuku kwapani. Wakamzomea, Yohana naye akazomea kwa mkono wake mmoja, Muhidini akawaacha wazomee. Alipofika mnazi wa kumi na moja akamwekea Bi Somoe kuku miguuni, akafungua kinywa.

"Bi Somoe, mimi naku..."

"Nyamaza!" Bi Somoe akamkata. "Mtani hashukuriwi. Ukinishukuru umeniulia utani wangu, na babu zetu watauliza. Na nilisema Idi ipite, wewe hujui hata kuhesabu siku."

Muhidini akamshusha Fatuma begani. Maneno yote aliyokuja nayo hayakuwa na mahali pa kwenda. Hatimaye akasema, "Mchukue kuku wako. Nimetafuta aliyekonda kuliko wote ili ukimla usijue nani kamla mwenzake. Na mihogo yako ni mibichi katikati, mwaka wa tatu huu tunavumilia."

"Ehee," akasema Bi Somoe, akijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Sasa nimekuelewa."

Bi Mwasiti aliishi miaka minne zaidi. Alimwona Fatuma akianza chuo cha Kurani, akamwona na mdogo wake. Alipofariki mwaka wa sabini na tano, kwa uzee tu, usingizini, Muhidini ndiye aliyefungua sanduku kule Mikindani. Aliitoa sanda chini ya udi, akawapa wanawake waliokuwa wakimwosha. Bi Somoe alikuwa miongoni mwa waliokuja mapema. Aliipokea mkononi, akaigeuza, akaona pembeni doa jekundu la vumbi la barabara ambalo lilikataa kutoka.

"Mwasiti, sanda yako imekwenda safari ndefu kuliko mwanao!" akapaza sauti, na nyumba nzima ya msiba ikaangua kicheko.

Muhidini naye alicheka, huku analia, hajali nani anamwona. Alasiri hiyo aliingia kaburini kumpokea mama yake kwa mikono yake miwili, akamlaza ubavu, kama mama huyo alivyomwambia siku zote kwamba itakuwa.