Yai la Siku ya Nne

Mwalimu Ireri alimwomba Makandi mayai ya kuku aliyekuwa akiatamia, ili awaonyeshe watoto wa darasa la saba jinsi kiumbe kinavyoumbika. Makandi alikubali kwa sharti moja, kwamba na yeye aje kutazama. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na mumewe, Kinoti seremala, alikuwa amekaa kizuizini karibu muda wote wa mimba hiyo.

Ilikuwa mwaka wa 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka waasi wa msituni, katika kijiji kimoja nje ya Embu ambako watu walikuwa wamekusanywa kwa nguvu na kuzungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Ireri hakutaka Makandi aje. Tangu Kinoti achukuliwe alikuwa akimkwepa, akimwona njiani anapita nyuma ya vyoo vya shule. Lakini kuku wengi walikuwa wamekwisha kuliwa na askari, na mayai ya kuatamiwa hayakupatikana kwingine.

Kila siku alivunja yai moja taratibu ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. La siku ya pili lilikuwa na alama ndogo tu juu ya kiini, kama uzi mweupe. Akawaeleza watoto kwamba huo ndio mgongo unaoanza, kwamba kichwa hutangulia na mwili hufuata ukiteremka hadi mkiani, kila sehemu kwa zamu yake. La siku ya tatu lilikuwa na tone la damu lililodunda. Watoto wakasogea karibu. La siku ya nne lilikuwa na macho. Yalikuwa makubwa mno, meusi, yameushinda mwili wenyewe uliojikunja kama chipukizi, na ubavuni palikuwa na vijivimbe vinne, viwili vya mabawa na viwili vya miguu, ambavyo bado vilifanana.

Ireri aliyatazama yale macho. Akafunika bakuli kwa daftari, akawaruhusu watoto waende kabla ya kengele.

Miezi mitatu nyuma, kwenye uwanja wa soko, alikuwa ameketishwa kitini akiwa amevikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho. Ofisa alimwambia kwamba ama atawatambulisha watu watatu waliokula kiapo cha waasi, ama kesho yake atachukuliwa yeye, na mama yake mzee abaki na nani. Wanaume wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Wawili wa kwanza aliwajua kwa uhakika. Wa tatu hakuwa naye. Kinoti alipofika, Ireri alikumbuka kwamba huyu ni mtu wa kuja, wa Kianjai huko Meru, hana ukoo hapa wa kuuliza wala wa kulipiza. Akatikisa kichwa kukubali.

Paa la darasa lilikuwa limeezekwa na Kinoti. Mchana, bati lilipotanuka kwa jua, lilitoa mlio, na Ireri alisikia nyundo. Mara mbili alikuwa ametoka nje katikati ya somo kutazama juu, na watoto walikuwa wameanza kunong'onezana.

Sasa watoto walikuwa wameondoka, lakini Makandi alibaki kwenye dawati la mbele. Alieleza bila haraka kwamba siku Kinoti alipochukuliwa yeye alikuwa amekosa siku zake mara moja tu. Wanawake walikuwa wamefungiwa kanisani, wakisikia kelele za uwanjani, naye alitapika kwa hofu. Wazee wa kike wakamwambia hofu ya namna hiyo hushuka tumboni, mtoto akazaliwa amepinda. Alitaka kujua ni kitu gani kilikuwa kikiumbika siku ile.

Ireri akahesabu. Akamwambia kwamba moyo ulikuwa umeshaanza kupiga, mgongo ulikuwa karibu kufungika, mikono na miguu ilikuwa ndiyo kwanza inachomoza kama vile vijivimbe vya bakulini. Akasema hofu ya mama pekee haipindi mgongo wa mtoto. Na kwa kuwa alitamani sana kumfariji, akaongeza:

"Wala Kinoti mwenyewe hakuogopa. Aliinama akafunga kamba ya kiatu, akasimama wima, akatazama mbele."



"Mwalimu, ulisema siku ile ulikuwa Kibirichia kununua mbegu za viazi."

Ireri akaligeukia bakuli.

"Wanaume wote walilazwa kifudifudi mpaka waitwe. Wameniambia wenyewe, hakuna aliyeruhusiwa kuinua uso. Katika sisi wa kijiji, aliyekuwa akitazama ni mmoja, yule wa guniani."

Juu yao bati likalia. Ireri aliinua macho kulitazama.

"Sikuwa na wa tatu," akasema.

Makandi alishika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili. Akauliza kama Kinoti alikula kiapo. Ireri akasema hajui, hajawahi kujua.

"Siku ile ulitikisa kichwa tu," Makandi akasema. "Sasa nenda ukaseme kwa mdomo."

Kulipopambazuka Ireri alikwenda kwa ofisa akaandika kwamba hakuwa na ushahidi wowote juu ya Kinoti, akatia sahihi. Ofisa akasoma, akamuuliza ni nani aliyemtisha. Kabla ya juma kwisha Ireri naye alipakiwa ndani ya lori la wafungwa. Alikaa kizuizini miaka mitatu, na kila kambi aliyohamishiwa alimuulizia seremala wa Kianjai. Wengine walisema walimwona akitengeneza vitanda vya wagonjwa. Wengine walisema huyo ni seremala mwingine, yule wa Kianjai alikufa kwa homa kambini kwao.

Siku aliyorudi hakupita kwanza kwa mama yake. Alikwenda kusimama nje ya ua wa Makandi. Mtoto wa kike, mgongo wake umenyooka, alikuwa akifukuza kuku.

"Huyo ni Karambu, jina la mama yake Kinoti," Makandi akasema kutoka mlangoni. "Baba yake hajarudi, na hakuna aliyeniambia lolote."

Hakumkaribisha ndani. Aliingia, akatoka na kigoda, karatasi na kalamu, akaviweka uani.

"Waandikie wakubwa tena," akasema.

Ireri akaketi. Akauliza jina kamili la baba yake Kinoti, ili asichanganywe na mwingine, akaanza kuandika.