Mke Mwenzangu wa Pete

Mabrouk alivaa shati jeupe la nailoni kwenda kutazama kima. Nikamwambia, "Mume wangu, msituni hapapigwi picha za pasipoti."

"Siwavalii kima. Namvalia bibi yako."

"Na hiyo darubini shingoni?"

"Hiyo ya kima."

Safari yetu ilikuwa na mambo mawili. Mabrouk, mtoto wa Malindi ya mjini Unguja, alikuwa hajapata kumuona kima punju, yule mwekundu wa msituni kwetu, kwa macho yake, na huko bandari ya Wete alikohamishiwa kazi kima hao hawako. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba bibi yangu Bi Mwatum, aliyenilea, alitoa sharti mbele ya watu siku ya ndoa: nisivushwe bahari bila ya ruhusa yake. Akikataa, Mabrouk angekwenda Pemba peke yake, mimi nibaki kuandikiwa barua. Ndoa yetu ilikuwa na miezi mitano tu. Sikutaka barua, nilimtaka mwandishi.

Ndani ya gari la shamba nilimpa somo. "Bibi atakutania. Atakwambia yeye ndiye mkeo. Na wewe mrejeshee. Mume wa mjukuu ni mume wa bibi, ndivyo tulivyo."

"Najua, Tabia. Lakini mtu anayekwenda kuomba jambo zito hafanyi mchezo. Mimi nitakaa kiungwana."

Akakaa kiungwana, Mungu amsamehe.

Tulipofika Pete, kijijini kwetu, Bibi alikuwa mlangoni. "Mume wangu huyo! Umejifungia na mke mdogo miezi yote hii, mimi zamu yangu umempa nani?"

"Shikamoo, Bibi," Mabrouk akajibu, macho chini.

"Marahaba. Nakuuliza zamu yangu?"

"Alhamdulillahi, Bibi. Sote wazima."

Tukaketi, nikamfinya. Akasogea, akidhani nataka nafasi mkekani.

Bibi akajaribu tena. Akamuuliza shati hilo kaliazima kwa bwana harusi gani. Akamuuliza kama darubini ni ya kumtafutia mke wa tatu. Mabrouk akajibu kwa adabu kuwa hapana, Bibi, ni ya kutazamia wanyama, kapewa na mwenzake kazini. Bibi akanyamaza. Bibi yangu akinyamaza, hata kuku wake huondoka uani.

Akaniita pembeni. "Huyu mwanamme ana nini?"

"Haya tu, Bibi."

"Haya gani! Asiyetaniana na mimi hanihesabu mtu wake. Leo ananikalia kama yuko mbele ya kadhi, kesho ukiumwa huko Pemba ataniambia? Ndiyo, habari za uhamisho nshazipata. Kawatazameni kima wenu, mkirudi mle, mpande gari. Maneno ya bahari nisiyasikie."

Tukaingia msitu wa Jozani, mimi mbele, Mabrouk nyuma na darubini yake juu mitini. Kwa hiyo paa nunga alipokatiza nyuma ya miguu yake, nilimuona mimi. Komba aliyelala kwenye tundu la mti, nilimuona mimi. Mabrouk aliona majani, na mbu walimuona yeye.

"Kima wamehama?" akauliza.

"Wamesikia umehamishwa, nao wakafunga mizigo."

Hakucheka, basi nikamwambia alivyosema Bibi. Akaishusha darubini.

"Kwa hiyo heshima yangu ndiyo iliyoniharibia?"

"Umejifanya mgeni, mume wangu. Nani atampa mgeni mtoto wake avuke naye bahari?"

Tukarudi. Na kima tuliowatafuta tukawakuta jikoni kwa Bibi! Migongo myekundu, nywele nyeupe zimesimama kama watu walioamshwa kwa moto, wamechutama kwenye mafiga yaliyopoa wanachagua makaa kama tungule za sokoni. Jike mmoja alikuwa na mtoto kifuani, anatafuna kaa taratibu.

Bibi alikuwa kizingitini, hawafukuzi. "Majani ya mwembe yanawasokota matumbo," akaniambia mimi, "mkaa ndio dawa yao. Mwambie mgeni wako awatazame vizuri."

Mgeni. Nikaona Wete inazama.

Mabrouk akaenda moja kwa moja mafigani. Kima wakaruka juu ya paa. Akaokota kaa, akaja nalo mpaka mbele ya Bibi, akasimama kashika kiuno.

"Mke wangu mkubwa," akasema, "kumbe kuchelewa kwangu ndiyo raha yako! Nimekuja ghafla nimekufumania na wanaume jikoni. Mmoja kaja na mtoto kabisa! Wao umewaandalia mkaa, mimi mumeo hata chai sijaiona!"

Nikashika kichwa. Bibi akamtazama. Akalichukua lile kaa mkononi mwake, akamchora nalo shati la nailoni kutoka kola mpaka mkanda.

"Chai yako hiyo."

Mabrouk akalitazama shati. Akapitisha kidole kwenye mchoro, akampaka Bibi puani.

Bibi akacheka mpaka akashikilia nguzo. "Haya, mwanamme wewe, sema ulilolijia."

"Nataka kumchukua huyu mdogo, Wete."

"Akiumwa?"

"N'takuja kukuchukua mwenyewe."

"Akinuna?"

"N'takuja mbio zaidi."

"Basi mchukue. Tena hununa sana huyo, usiseme sikukwambia."

Hapo ningefurahi. Badala yake nikaangua kilio, maana siku zote nilikuwa naiwaza ruhusa, kuondoka kwenyewe sikupata kukuwaza. Bibi akanivutia kifuani kwake, akaninong'oneza sikioni:

"Nyamaza wewe. Atakuonea huruma mume wetu, aghairi."