Nyangau Hana Kipande

Ijumaa hiyo jua lilipokuwa linaegemea milima, Bonareri alikuwa anachambua mboga mlangoni pa jiko lake. Owino, dereva wa lori, alikuwa amekalishwa kwenye kigoda nje ya ua. Alikuwa ametembea kutoka Kisii mjini kuja kutoa pole. Pole ilipokelewa vizuri, ila chakula hakupewa. Mume wa Bonareri, mzee Nyangau, alikuwa amegongwa na gari usiku wa Jumapili kwenye kona ya Masimba, na polisi walikuwa wameandika kwamba mgongaji ni Owino, wakamwachia kwa dhamana mpaka kesi ya Jumatatu. Mtu aliyemwaga damu ya watu hali nao chungu kimoja. Owino, ingawa kwao ni ziwani, hakuhitaji kuelezwa hilo.

Alichokiona alikijua. Gari la bwana mmoja msimamizi wa barabara lilikuja bila taa, upande usio wake, likampiga mzee aliyekuwa anajiendea pembeni na kandili yake, likaparuza lori la Owino, likaenda zake. Lakini bwana alikuwa ameshaeleza yake kwa Kiingereza, na Owino alikuwa na Kijaluo na Kiswahili tu.

Jua lilipozama, Nyangau akatokea migombani. Walikuwa wamemzika Jumatano, na bado alikuwa na udongo mabegani. Akamsalimu mkewe, akamsalimu na mgeni.

"Nimekuja kwa maneno ya ile gari," akasema.

"Umechelewa," Bonareri akamjibu, akiweka mboga kando. "Sabato imeingia. Maneno ya gari ni kazi. Ngoja kesho jua litue."

Nyangau, ambaye hata enzi za uhai wake hakuwahi kumshinda mkewe kwa hoja, akaketi chini kando ya Owino. Marehemu naye hapakuliwi, kwa hiyo wote wawili wakakaa nje na njaa yao, usiku kucha na kesho yake mchana kutwa. Owino akamwazima koti. Nyangau akamuuliza habari za watoto, na kama mvua imefika kwao. Mtu anayedaiwa kumuua mwenzake, kisha mwenzake huyo akaja kukaa naye baridini, hana budi kushukuru, na Owino alishukuru mpaka machozi yakamlenga.

Jumamosi jua lilipotua, Nyangau aliwaita mkewe na mwanawe wa kwanza, Makori. Akasema kwa Kiswahili ili mgeni naye asikie.

"Huyu hakunigonga. Lori ilikuwa upande yake na taa zote mbili zinawaka. Hiyo taa yake ndiyo ilinionyesha ile gari ingine. Mimi tu ndiyo nilichelewa kuruka."

Makori akafikiri sana. "Baba, sisi tumesikia. Lakini karatasi ya serikali inasema ni yeye. Tukikula na yeye kabla karatasi ibadilike, watu watasema tumeuza damu yako."

"Basi Jumatatu nitaenda niibadilishe," akasema Nyangau.

Wakaenda wote. Njiani watu walimpa Nyangau pole kwa msiba wake, naye akazipokea. Mahakamani karani Ongeri alimuuliza kila shahidi kipande chake cha kitambulisho, na alipofika kwa Nyangau akangoja na kalamu mkononi. Kipande hakikuwapo. Bonareri alikuwa amekirudisha ofisini Alhamisi, siku moja tu baada ya mazishi, kwa sababu aliambiwa kipande cha marehemu ni mali ya serikali, na yeye hakai na cha mtu.

"Huyu ndiye marehemu, bwana," Ongeri akamwambia hakimu. "Hana kipande."

Hakimu alimtazama Nyangau, akasema sheria haiwezi kumsikiliza mtu asiye na kipande, na tafadhali asiendelee kudondosha udongo sakafuni. Kisha akamtia Owino hatiani, kifungo mwaka mmoja. Owino akaambiwa atie dole gumba kwenye karatasi iliyosema amemuua Nyangau. Upepo wa dirishani ukawa unaipeperusha, ikabidi Nyangau aishike pembe ili dole lipate pa kutua.

Nje, askari Ratemo, aliyepewa kumpeleka Owino gerezani, alisema ana kamba za viatu za kufunga, na kwamba huwa anazifunga polepole. Bonareri akakaa chini kwenye nyasi, akafunua kikapu chenye ugali wa wimbi na mboga.

Makori akamtazama mamaye. "Karatasi haikubadilika, mama."

"Mimi sikuolewa na karatasi," akasema Bonareri. "Mume yangu ameshasema."

Akammiminia Owino maji anawe. Wino wa dole haukutoka. Owino akasugua kwa nyasi, akasugua kwa mchanga, akaogopa kuutia mkono ule katika chakula cha watu wale. Makori akamega tonge, akala, akamsogezea kikapu.

"Kula, ndugu yangu. Itakuwa baridi."

Nyangau alikuwa amechutama karibu nao, yeye hali kitu, anawatazama tu kama baba yeyote anavyotazama watu wake wakila. Owino hakuwa amewahi kushukuru kiasi kile maishani mwake, akawaambia hivyo, mmoja mmoja kwa jina, na marehemu akiwamo. Akala na lile dole jeusi mpaka kikapu kikaisha, kisha akasimama aende akatumikie mwaka wake.